Nani Kasema Kutembea na Mbwa ni Uzungu?

Mwambie mtu yeyote wa Dodoma kwamba Jumapili asubuhi unatoka na mbwa wako kwenda kuzunguka vilimani, kwa raha tu, huna ng'ombe wa kuchunga wala shamba la kulinda. Atakuuliza maswali mawili. La kwanza: "Hang'ati huyo?" La pili atalitoa huku anacheka: "We bwana, umekuwa Mzungu lini?"

Swali la kwanza ni la haki kabisa, na jibu lake litakuja. La pili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Limebeba historia ndani yake, na historia yenyewe imesimamishwa kichwa chini miguu juu. Washkaji wengi kijiweni wanaamini kwamba kutoka na mbwa ni jambo lililoshuka na meli, pamoja na kofia ya pama na kiko. Sivyo. Kwenye nyanda hizi za kati watu na mbwa walikuwa wakitoka pamoja alfajiri na kurudi pamoja magharibi kabla Mzungu wa kwanza hajaonja maji ya chumvi ya Ugogo. Kilichokuja na meli ni ruhusa: nani ayaite matembezi hayo starehe, na nani akamatwe kwa ajili yake.

Tuanze na mtoto wa Kigogo na tembe la kwao. Tembe, kwa nyinyi mliozaliwa chini ya bati, ni ile nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo, inayouzunguka ua, na ndani ya ua ng'ombe wanalala. Mbwa naye yumo humo humo. Usiku anabweka fisi wakikaribia. Kukicha ng'ombe wanafunguliwa, vijana wawili watatu wanatoka nao na fimbo begani, na mbwa hangoji kuitwa. Ameshatangulia njiani, mkia juu, kama vile yeye ndiye mwenye mifugo.

Kazi yao wote ni moja: ng'ombe waliotoka ndio warudi, na ndama asiliwe. Lakini ng'ombe wakishafika malishoni wanakula kwa saa nyingi, na saa hizo ni ndefu. Hapo ndipo vijana wanamkurupusha sungura, wanamfukuza digidigi vichakani, wanachimbua panya, wanashindana kurusha marungu, wanaangua ubuyu na kuumung'unya mpaka meno yanakufa ganzi. Jua likishika utosini wanalala kivulini, na mbwa naye amejitupa pembeni, ulimi nje, jicho moja wazi. Kama hiyo si siku ya starehe, basi mimi sijui starehe ni mnyama gani. Ni kazi, nakubali, na ya hatari. Lakini mtafute mzee yeyote aliyechunga utotoni, mwulize habari za mbwa wake. Uso unabadilika hapo hapo. Jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza huenda limeshampotea, la mbwa atalitaja bila kufikiri.

(Majina ya mbwa ni somo peke yake. Kuna akina Simba na Chui, kuna akina Popi na Jimi, halafu kuna yale ya kumsema jirani: mtu anamwita mbwa wake Waache Waseme, na kila jioni akimwita chakula, ujumbe unafika ukuta wa pili bila ugomvi.)

Mbwa wenyewe tunawajua. Wembamba, manyoya mafupi, rangi ya udongo au ya majani makavu, masikio hayatulii. Watu wa mjini huwaita mbwa koko, na wengi hudhani ni machotara tu, mabaki ya mbwa wa Ulaya waliozaana ovyo mitaani. Mwaka 2009 kundi la wanasayansi likiongozwa na Adam Boyko lilichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Misri na Uganda walionekana kuwa kwa sehemu kubwa ni ukoo wa Kiafrika wenyewe, wenye mchanganyiko kidogo sana wa mbwa wa Ulaya. Kwa hiyo unapomwona mbwa wa kienyeji wa jirani zetu hao anajikuna chini ya mti, huenda unatazama uzao mkongwe kuliko ule wa mbwa wengi wa kununua wenye vyeti vya ukoo.

Sitaki kupaka sukari, maana wazee hao hao watakwambia mbwa hakuwa akidekezwa. Alikula makombo, akapigwa mateke, akalala na vumbi. Ugogo ni nchi ya mvua za kubahatisha. Hata leo kipimo cha mwaka mzima Dodoma ni kama milimita 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka ukikataa umekataa. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita yakichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, inakadiriwa iliua watu 30,000 katika watu 150,000 wa Ugogo. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo mbwa ni mdomo mmoja zaidi, na kila mdomo lazima uonyeshe kazi yake. Mtu akikushangaa unamnunulia mbwa nyama, usimcheke haraka. Anakumbuka jambo ambalo labda wewe hukusimuliwa.

Sasa njia. Kabla ya reli, kila aliyetoka pwani kwenda Tabora au Ujiji ilibidi aikate Ugogo. Hapakuwa na mahali pa misafara palipoogopwa zaidi, kwa sababu mbili. Moja ni hongo: watemi wa Kigogo walitoza kila msafara nguo na shanga kabla ya kuuruhusu kuchota maji na kupita. Ya pili ni maji yenyewe. Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na pori la karibu maili 30 lililoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, na huko maji ya kunyweka hakuna. Wapagazi waliivuka nchi ya namna hiyo kwa ujanja walioupa jina la tirikeza. Mnapika na kunywa vizuri mchana, mnaondoka alasiri jua likianza kupoa, mnalala njiani bila maji, halafu alfajiri sana mnafumua tena mpaka mfikie kisima kabla jua halijawa kali. Likumbuke neno hilo.

Katika njia hiyo hiyo walipita mbwa ambao dunia inawajua kwa majina. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na mbwa mlinzi aitwaye Omar, aliyefuatana naye tangu India. Omar hakuiona Ugogo. Alikufa kwa maradhi ya tumbo baada ya matope ya Makata, upande wa Morogoro. Stanley akarudi tena mwaka 1874, safari hii na mbwa watano kutoka Uingereza: Castor na Captain, mastifu wakubwa wa fahari, halafu Nero, Bull na Jack. Hawa watatu wa mwisho walitolewa kwenye makao ya mbwa waliopotea ya Battersea, London. Yaani, kwa lugha ya mtaani kwetu, mbwa koko wa Kiingereza!

Novemba 17, 1874 wakaondoka Bagamoyo. Siku hiyo ya kwanza, saa mbili tu za mwendo, Castor akaanguka na kufa kwa joto. Captain naye akawa hoi. Wale watatu wa Battersea, ingawa walihema kama mivukuto ya mhunzi, walisimama. Mwezi uliofuata msafara ulikuwa Mpwapwa, ukaingia Ugogo wakati wa mvua na njaa. Bull alikwenda mbali kuliko wenzake wote. Alikufa mwaka 1876, kwenye safari ya kutoka Karagwe kuelekea Ujiji, baada ya kutembea kwa miguu yake maili zipatazo 1,500, na Stanley anaeleza jinsi alivyoendelea kujikokota nyuma ya wabeba bunduki mpaka nguvu zikamwishia. Mbwa aliyeokotwa katika mji wa London, akazikwa Unyamwezini! Mtu akiandika hadithi fupi ya namna hiyo mhariri atamwambia ametia chumvi.

Na Livingstone mwenyewe alikuwa na kijibwa, Chitane, kikali kwelikweli, kilichotawala mbwa wote wa vijiji walivyopita. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bonde la maji lenye upana wa kama maili moja, maji ya kiunoni. Kila mtu alikuwa ameshughulika na mzigo wake. Chitane akaogelea, akaogelea, mpaka akazama, na waliogundua waligundua amekwisha kufa. Katika msafara mzima hapakuwa na mtu mmoja aliyeambiwa: wewe shughuli yako ni mbwa.

Hapa nataka kusema na nyinyi mnaotaka kuwa waandishi. Mbwa watano wa Stanley tunawajua majina, tabia, hata walivyokufa. Mbwa wa tembe zile alizopiga kambi jirani nazo, ambao bila shaka walimbwekea usiku kucha, hawana jina hata mmoja kitabuni. Wasafiri wale waliandika kilichokuwa chao. Ndivyo inavyoonekana leo kwamba mapenzi ya mtu na mbwa ni jambo la Kizungu: kwa sababu ya nani alikuwa na kalamu. Mathias Mnyampala, mtoto wa Dodoma hii hii, tunayemjua zaidi kwa ngonjera, alionyesha njia mwaka 1954 alipotoa kwa Kiswahili kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Wazee waliochunga na mbwa bado wapo Mvumi, Bahi na Chamwino. Daftari la kurasa 40 linatosha kwa kuanzia.

Ruhusa niliyoitaja mwanzoni ilianza kuandikwa kwa Kijerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni lake: leseni, ada, na sehemu za kuhifadhi wanyama. Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1921, wakaibadilisha tena 1951. Serikali yetu huru ikatunga ya kwake 1974, na inayotumika sasa ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Utazame mwendo wake kwa jicho la mchungaji. Bwana mwenye leseni anatoka na bunduki na mbwa wake, anaitwa mwanamichezo, picha inapigwa. Kijana wa Kigogo anatoka na rungu na mbwa wake nyuma ya digidigi yule yule, anaitwa jangili. Matembezi ni yale yale. Tofauti ni karatasi, na ada ya karatasi hiyo haikupangwa kwa mfuko wa mchungaji.

Hata hivyo, sitaki mtu aseme nimehalalisha ujangili. Sheria ya 2009 inamtaja mbwa pamoja na sumu, mitego na mashimo kati ya njia zisizoruhusiwa kuwindia bila idhini, na mimi naiona ina sababu. Watu ni wengi sasa, mapori ni machache, na kundi la mbwa likiachiwa kwenye kichaka halichagui mja mzito wala mtoto. Tena kuna maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa kule. Mbwa mwitu, ambao upande wetu wapo kuelekea Rungwa na Ruaha, nao huangamia kwa distempa na kichaa. Ndiyo maana kwenye hifadhi za taifa mbwa wa nyumbani haruhusiwi kabisa. Usije ukafunga safari na Popi wako mpaka getini Ruaha ukidhani utamwingiza kama abiria. Utarudishwa, na walinzi watakuwa na haki.

Mji nao ukamtenga mbwa kwa njia yake. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji wa kikoloni ukagawanywa kama ilivyokuwa kawaida yao: kuna Uzunguni, kuna Uhindini, na wengine kule majengo. Mbwa wa Uzunguni alikuwa na bwana wa kumtembeza jioni jua likizama, au boi wa kumtembeza bwana akiwa na shughuli. Nadhani ni hapo, kwenye zile barabara zenye miti, ndipo picha ilipojikaza vichwani mwa watu wetu: mbwa mwenye kamba shingoni, Mwafrika ameshika upande wa pili wa kamba, na mwenye mbwa ni mtu mwingine. Watoto waliokuwa wakichungulia uani wakachukua somo lao. Kutembea na mbwa ni cheo cha mtu fulani. Wala si ajabu kwamba wajukuu wao wanauliza, umekuwa Mzungu lini.

Halafu likaja geti. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na mamlaka ya ustawishaji, CDA tuliyoizoea, ikaundwa mwaka huo huo kupima viwanja (ikavunjwa 2017). Mji ulikua polepole, kisha serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 ukakua kwa kukimbia, na 2018 ukawa jiji. Kiwanja kimezaa ukuta, ukuta umezaa geti, na geti limezaa kibao: MBWA MKALI. Huyu ndiye mbwa wa Dodoma ya leo. Mchana yuko kwenye kibanda cha mabati, kimefungwa komeo, jua la saa saba linampikia humo. Usiku anafunguliwa azunguke uani mpaka alfajiri. Amezaliwa humo, atakufa humo, na dunia anayoijua ni harufu zinazopita chini ya geti. Siku geti likisahauliwa wazi anatoka kama mwendawazimu, anamng'ata muuza maziwa, na mtaa mzima unasema, si mmeona, mbwa ni mkali! Mchungaji angeshangaa sana. Kwake mbwa asiyeweza kupita katikati ya watoto na mbuzi bila kuwagusa ni mbwa aliyeharibika.

Wenye bahati mbaya zaidi ni wale wasio na geti. Katika miji mingi ya nchi hii mbwa wazururaji wamekuwa wakipunguzwa kwa risasi na sumu, ingawa tangu 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kwa hiyo mbwa wetu wa mjini ana njia mbili mbele yake: kufungwa maisha au kuuawa. Wakati babu yake alikuwa anapiga maili nyingi kila siku na kurudi kulala mlangoni.

Kuna msomaji ameshaanza kuninung'unikia: na najisi je? Jambo hilo tuliheshimu, maana nyumba nyingi za Kondoa na za mjini ni za Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini Kurani yenyewe, katika Sura ya Maida, inaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, na katika Sura ya Kahfi vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini. Zanzibar, ambako karibu wote ni Waislamu, wasasi wamekuwa wakiwinda na mbwa kwa vizazi na vizazi, na methali ya Waswahili inasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa ana mahali pake, nje ya nyumba, kwenye kazi na kwenye njia. Ukitoka naye, usimpitishe karibu na watu wanaoelekea msikitini wala usimwachie arambe mikono ya wageni. Ni adabu tu, haihitaji fatwa.

Sasa lile swali la kwanza: hang'ati?

Nilisema ni la haki. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kaskazini mwa Tanganyika miaka ya 1930, na hakijaondoka mpaka leo. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo kama 1,500 kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Anayekuogopa wewe na mbwa wako njiani anaogopa kitu cha kweli, labda amemzika mtu.

Lakini chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipoijaribu kwa mtoto mwaka 1885, na ya mbwa ni sindano moja kisha marudio. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo kabla ya kuwaza mlima, waza ofisi ya mifugo ya kata yako, hasa kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo mara nyingi kunakuwa na kampeni. Kadi ya chanjo iweke mfukoni ukitoka. Na mtu aking'atwa na mbwa yeyote, awe wako au wa barabarani, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna kupaka pilipili, hakuna kusubiri kuona.

Mbwa aliyekulia kwenye kibanda usimtoe siku moja ukampandisha kilimani. Wiki mbili za mwanzo ni mtaa wako tu, kamba mkononi, asubuhi mapema kabla watoto hawajaenda shule, ajifunze kwamba baiskeli si adui na kuku si chakula. Wiki ya tatu umbali kidogo. Kamba usiifungue mpaka uwe na hakika ukimwita anarudi, na mahali penye mbuzi usiifungue kabisa. Mfugaji wa Kigogo akimwona mbwa mgeni anakimbiza mbuzi wake ana fimbo, tena shabaha anayo.

Siku yenyewe ipange kama wapagazi walivyopanga. Tirikeza: mwendo ni wakati jua limelala. Saa kumi na mbili asubuhi muwe njiani, saa nne muwe mmerudi. Au mtoke saa kumi jioni. Castor, mastifu wa tuzo, alikufa kwa saa mbili za jua, na mbwa hatoi jasho kama wewe, anapoa kwa kuhema tu. Weka kiganja chako juu ya mchanga wa barabara. Kama huwezi kukituliza hapo, nyayo zake pia haziwezi. Maji mbebe yenu wote wawili, na kibakuli. Bwawa usilolijua si la kumwogesha: kuna mamba, na kwako wewe kuna kichocho. Makorongo ya mchanga yanapitika vizuri kiangazi, lakini kuanzia Desemba, kukiwa na wingu jeusi huko juu, usikae ndani ya korongo hata kama kwenu jua linawaka. Ukifika nyumbani mkague vidoleni, kwa miiba ya migunga, na nyuma ya masikio, kwa kupe. Na mkiwa kundi la washkaji, kabla hamjaondoka chagueni mtu mmoja ambaye shughuli yake ni mbwa.

Pa kwenda? Kilima cha Mlimwa kipo karibu kwa wanaoanza. Vilima vya Ntyuka vina mawe, upepo na mandhari ya mji mzima. Bihawana kuna njia kando ya mizabibu, ila omba ruhusa na usiingie shambani. Hombolo kwenye bwawa ni mbali, hiyo ni safari ya siku nzima yenye gari. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, kaione kwa kila hali, lakini siku hiyo mwache mbwa nyumbani. Ile miamba imekaa maelfu ya miaka bila kukojolewa na Popi.

Usafiri ndio kasheshe. Konda wa daladala atakuuliza huyo mwenzio analipa siti, halafu gari litaondoka bila nyinyi. Mwenye bajaji wa kijiwe chenu, anayekujua, anaweza kukubali kwa bei ya kuelewana, ukija na gunia la kutandika na mbwa akiwa mkavu. Vinginevyo ni miguu. Kutoka mjini hadi Ntyuka, mkiondoka wakati ule wa wapagazi, mtakuwa juu ya mawe kabla wenye mageti hawajaamka kuwafungia mbwa wao.